Benchi la Upande wa Mlango

Mwalimu mkuu mpya wa shule yetu ya usiku ni kijana mzuri. Ana adabu, na shati lake hupigwa pasi likapigika. Lakini wiki ile aliyoingia tulikaribia kugombana. Nilikuwa nimekwenda kupima mapazia ya ofisi yake, maana mimi ni fundi cherehani na parokia yote inajua mkono wangu. Nikamsikia barazani akimwambia mlinzi, "Hili benchi bovu litolewe hapa. Likawe kuni."

Kuni! Nikaweka futi kamba yangu chini.

"Mwalimu, samahani sana. Mapazia yatasubiri. Kaa kwanza tuzungumze."

"Nikae wapi, mama?"

"Hapohapo, juu ya kuni zako."

Akacheka kidogo, akakaa. Benchi likalia kwiii, likambeba. Lilibeba wazito kuliko yeye, tena waliotoka kazini na miguu imevimba. Nikamwambia kwamba kabla hajachoma kitu cha watu, amsikilize kwanza anayejua kilikotoka. Na mimi nikianza kusema, simalizi upesi, hilo hata marehemu mume wangu alilizoea.

Leo shule hii ina madarasa, umeme, ubao kila chumba, na kila mwanafunzi na kitabu chake. Wamepita hapa wapishi, makuli, wafagiaji, mayaya na wauza mkaa, na wengine leo ukiwakuta maofisini utawaamkia kwa mikono miwili. Ukiona hivyo unadhani ilianza na jengo. Thubutu! Ilianza kwenye chumba cha pasi nyuma ya kanisa, chumba ambacho Sista mmoja alikuwa akinyooshea kanzu za mapadri na vitambaa vya altare.

Sista huyo alikuwa mfupi, mnene, na miwani yake mizito kama vitako vya chupa. Watu walikuwa wanamletea kila chenye maandishi. Huyu ana chupa ya dawa, hajui ni ya kunywa au ya kupaka. Yule ana barua ya mwanawe. Mwingine ana karatasi aliyobandikiwa mlangoni na mwenye nyumba. Sista anasoma huku pasi inamuunguzia kitambaa. Siku moja iliungua kanzu ya Padri, ile nzuri ya sikukuu, na hapo uvumilivu ukamwisha.

"Nimechoka kuwa macho ya parokia nzima," alisema. "Njooni jioni, kila mtu aje achukue macho yake."

Shule ya mchana ilikuwa palepale uani, lakini mkuu wake alikataa kutoa darasa. Alisema watu wazima watavunja madawati ya watoto. Basi wakabaki chumba cha pasi. Kulikuwa na meza moja ndefu, juu yake blanketi lenye alama za kuungua. Taa ya mafuta ilining'inia ukutani. Kulikuwa na mabenchi mawili, moja upande wa taa na jingine upande wa mlango. Na kitabu kilikuwa kimoja, kile kikubwa cha kuanzia kusoma, kilichotupwa na shule ya mchana kwa sababu kurasa zimelegea. Sista alikifunga kwa kamba juu ya kipande cha ubao ili upepo usikitawanye, akakiweka katikati ya meza, na hapo ndipo kilipokaa jioni zote. Ikifika zamu yako unainama, unaweka kidole kwenye neno, unatoa sauti. Kuandika kulikuwa bado. "Kwanza macho," Sista alikuwa akisema, "mkono utafuata."

Wanaume walikuwa wanawahi. Wakitoka kazini wananawa uso, wanakuja, wanakaa upande wa taa. Wanawake nao, unajua mwenyewe. Wapike, wapakue, waogeshe watoto, waoshe vyombo, waulizwe chumvi iko wapi na mtu aliyeketi karibu na chumvi. Wakifika, benchi la taa limejaa, wanabaki na la mlango. Na watu wetu wana tabia moja, ulipokaa siku ya kwanza ndipo kwako mpaka kiama. Hata kanisani ni hivyohivyo. Ukikaa nafasi ya bibi fulani hakwambii kitu, anakutazama tu mpaka unahama mwenyewe.

Basi upande wa taa ukawa wa wanaume, upande wa mlango wa wanawake. Kitabu kikawatazama wanaume. Mwalimu, hapo pashike, usipasahau.

Sasa nikwambie habari za shangazi yangu.

Walimwita Mlingoti, kwa urefu wake. Akiingia mlangoni anainama, na akianika mashuka hahitaji kuteremsha kamba. Alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka ya wodi zote, akayakamua kwa mikono ile mirefu mpaka yanabaki kama kamba, halafu akayanyoosha kwa pasi ya mkaa. Alifiwa na mume mapema, akaja kuishi kwetu, kwa kaka yake, yaani baba yangu. Siku ya kushughulikia mambo ya marehemu walimtia kidole gumba kwenye wino, wakakikandamiza kwenye karatasi ambayo hajui inasema nini. Alikisugua kwa sabuni ya hospitali, ile inayotoa hata damu kwenye shuka. Wino haukutoka.

"Wifi," alimwambia mama, "mume wangu nimemlia nikanyamaza. Lakini hiki kidole sitakitia wino tena, labda niwe maiti."

Sista alipoita watu, shangazi alikuwa wa kwanza kukaa benchi la mlango. Mvua ikinyesha yumo. Akiumwa mgongo yumo. Mama alimwachia sufuria yake motoni na hakulalamika, Mungu amrehemu mama yangu. Shangazi akirudi nyumbani anatamka maneno huku anavua viatu. Nikajivuna mbele ya wenzangu tuliokuwa tukijifunza kushona, kwamba shangazi yangu anasoma.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishangaza. Tukipita madukani namuuliza, "Shangazi, pale juu pameandikwaje?" Anakunja uso, anainamisha kichwa begani kama kuku anayetazama mwewe, kisha anasema, "Mwanangu, yale ni maandishi ya madukani. Sisi tunasoma ya kitabu." Nikacheka, nikadhani ni uchovu wa kazi. Nyumbani hatukuwa na kitabu, ningejuaje?

Basi shule ikapata jina. Wanaume wakawa wengi, wengine wanasimama nje dirishani. Na chumba ni kilekile. Jumapili moja, baada ya misa, Mwenyekiti wa baraza la parokia akasimama. Mwenyekiti huyo alikuwa muuza nyama, sauti yake imezoea kushindana na shoka.

"Ndugu zangu," alisema, "nafasi ni haba. Wanaume wenye familia wanasimama nje, na ndani kuna benchi zima la wanawake wanaopiga soga. Wanaimba maneno kama kasuku, hawasomi. Benchi lile wapewe wanaume."

Unadhani nani alimuunga mkono? Baba yangu mzazi! Fundi baiskeli, amekaa upande wa taa tangu siku ya kwanza, akasimama na kofia mkononi. "Mwenyekiti kasema kweli. Mimi niko mle ndani, naona. Wanakariri tu. Na dada yangu yumo."

Loh! Mama alimtazama mtazamo ambao baba aliulipia kwa chai ya baridi wiki nzima. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, immeze yeye. Shangazi yeye alikaza kanga yake kiunoni.

Sista akasimama, mfupi vile, haonekani vizuri nyuma ya watu. "Mnataka ushahidi?" aliuliza. "Jumapili ijayo mwanamke mmoja wa benchi hilo atasoma somo la kwanza mimbarini, mbele yenu wote. Akisoma, benchi ni lao. Akishindwa, lichukueni."

Mwenyekiti akakubali upesi, akaongeza sharti lake. Somo atalichagua yeye asubuhi hiyohiyo, na msomaji asilione kabla, asije akakaririshwa. Padri wetu, mzee wa maneno machache, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Na wanawake wa benchi, bila hata kushauriana, wakamgeukia Mlingoti.

Wiki ile nyumbani kwetu palikuwa na baridi. Shangazi na baba waliongea kwa kupitia mimi. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie shangazi yako nimesikia." Jumamosi usiku nilimshonea blauzi, ya kwanza niliyoshona peke yangu, na mikono ilikuja mifupi, maana mikono yake haikuwa na mwisho. Akaivaa hivyohivyo. Akanambia, "Kama nikikwama kesho, mwanangu, si mimi tu nitakayerudi nyumbani. Mimi nimezoea kurudi nyumbani. Ninaowahofia ni wale wenzangu." Halafu akageukia ukuta akalala, au akajifanya amelala.

Kanisa lilijaa hadi waliosimama nje. Hata watu ambao huwaoni ila Krismasi na Pasaka walikuja. Wakati wa somo ukafika, shangazi akatoka kwenye nafasi yake, akapiga goti mbele ya altare, akapanda mimbarini. Kitabu kikubwa cha masomo kilikuwa kimefunguliwa pale Mwenyekiti alipochagua. Katekista wetu, mwembamba, mkali, mtu wa kengele na fimbo, alikuwa amesimama pembeni kuangalia kama kweli anasoma kilichoandikwa.

Shangazi akatazama kitabu. Akatazama tena.

Halafu, Mwalimu, akakishika kitabu kitakatifu kwa mikono miwili akakigeuza, juu chini.

Kanisa zima likafanya "Haa!" Katekista akaruka, akakirudisha. Shangazi akakigeuza tena. Katekista akakirudisha, safari hii kwa hasira. Nyuma yangu mtu akaanza kucheka, kisha wawili, kisha safu nzima. "Hajui hata kushika kitabu!" Nilimwona Mwenyekiti akivuta pumzi ya mtu aliyeshinda kesi. Baba alikuwa ametazama chini. Mimi machozi yalikwisha kunilowesha, nikawa nayafuta kwa kipande cha kitambaa kilichobaki cha blauzi.

Shangazi akajaribu mara ya tatu, lakini Katekista alikuwa amekikandamiza kitabu kwa kiganja. Wakatazamana. Yeye hakutoa mkono, shangazi hakushusha macho.

Basi akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona kabla wala hatukuliona tena. Akashuka. Watu wakadhani anarudi kukaa, na sauti za kucheka zikapanda. Kumbe anazunguka. Akaenda akasimama mbele ya mimbari, sisi wote tuko mgongoni kwake, altare iko usoni kwake. Akaegemea ule ukingo wa juu, akainama juu ya kitabu kwa upande wa pili. Mtu mwingine yeyote asingefikia. Mungu alijua kwa nini alimrefusha yule mwanamke.

Akaweka kidole. Akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti ile ya kuita wenzake kutoka kwenye kamba za nguo. Somo lilikuwa refu, limejaa majina ya wafalme na makabila ya zamani, yale ambayo hata Katekista huyapita upesi. Shangazi hakuyapita. Alilifikia jina, akasimama, akaliokota kipande kipande, akalitamka, akaendelea. Vicheko vikapungua. Vikaisha. Ukawa unasikia sauti yake na miguu ya njiwa juu ya bati, basi. Na sisi tunatazama mgongo tu, blauzi yangu yenye mikono mifupi, na kile kidole kinachotembea juu ya ukingo.

Alipomaliza aligeuka. Ndipo tulipouona uso wake kwa mara ya kwanza.

"Neno la Bwana," alisema.

Wanaume walichelewa. Lakini upande wa wanawake, Yesu na Maria! "Tumshukuru Mungu!" Walipiga ukelele wa kutikisa madirisha, na mimi nilikuwa miongoni mwao, na kesho yake sikuwa na sauti.

Umeelewa, Mwalimu? Miezi yote ile wanawake walikuwa wanakiona kitabu kutoka upande wa pili wa meza. Kila herufi waliijua ikiwa imesimama kwa kichwa. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna upande mwingine, na wao hawakujua kwamba wanaume wanaona tofauti. Kwao ndivyo kusoma kulivyo. Ndiyo maana shangazi alishindwa kusoma vibao vya madukani, vimepigiliwa misumari, atavigeuzaje? Mimbarini alikuta kitabu kimekaa kama kibao cha duka, akatafuta njia.

Baada ya misa uani palichafuka. Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele, "Huko si kusoma! Kichwa chini miguu juu! Hatukubali!"

Padri akamgeukia Katekista. "Wewe ulikuwa unafuatilia. Alisoma kilichoandikwa?"

"Neno kwa neno, Padri," alisema Katekista. "Hata lile jina ambalo mimi hulikosea."

"Alikariri!" Mwenyekiti akasema.

Basi Katekista, ambaye dakika chache kabla alikuwa akipigana mieleka na shangazi juu ya kitabu, akamkabili. "Mwenyekiti, somo ulichagua wewe asubuhi hii. Halafu tumia akili. Angekuwa amekariri, angehangaika kukigeuza kitabu kwa nini? Kasuku hajali kitabu kimekaaje. Ukimwekea kichwa chini ataimba, ukimwekea kichwa juu ataimba. Huyu mama alipigana na mimi mbele ya watu kwa sababu alitaka kuziona herufi."

Mwenyekiti alikuwa na makelele lakini hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea shangazi maini siku ileile, ya bure, na muuza nyama akikupa maini bure ujue amekubali.

Na Sista? Sista alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja, machozi yanamtoka chini ya ile miwani. Alikuja akamshika shangazi mkono, maana begani hafiki. "Mnisamehe," alisema. "Nimewapa kitabu kwa kisogo."

"Sista," shangazi akajibu, "hata kwa kisogo tumekijua."

Nasema hivi na kifua kinanijaa. Benchi likabaki lao. Shangazi alikuja kuwa msimamizi wa wadobi pale hospitali, anasoma alama za kila wodi, na karatasi zote aliweka sahihi kwa kalamu, jina lake zima, refu kama yeye. Madukani alitutesa. Alipovijua vibao hapiti kimoja bila kukisoma kwa sauti, mpaka "Usikojoe hapa" aliisoma mbele ya wakwe zangu. Alifundisha usiku mpaka nywele zikawa nyeupe. Na shule ilipojengwa hapa, kitu cha kwanza alichoomba kihamishwe ni hicho ulichokalia.

Mwalimu alitaka kuinuka. Nadhani aliona imetosha.

"Bado," nikamwambia. "Hujasikia la benchi lenyewe."

Jumatatu yake jioni nilimfuata shangazi na shali lake, kulikuwa na upepo. Nikasimama mlangoni pa chumba cha pasi. Sista alikuwa ametangaza kwamba tangu siku ile kitabu kitazungushwa. Wiki hii kitatazama taa, wiki ijayo kitatazama mlango. Na kwa kuanzia, akakizungusha kile kipande cha ubao mbele ya macho yao, kitabu kikawatazama wanawake.

Basi pakawa kama sokoni! Wanaume wakalia, "Sista, hatuoni kitu! Kimepinduka!" Wanawake nao wakalia, "Sisi ndio hatuoni, kwetu ndiko kilikopinduka!" Kuli mmoja alipindisha shingo mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi. Huku wanalalamika, kule wanacheka, na Sista anagonga meza kwa sindano yake ya kufumia.

"Aanze upande wa taa," alisema. "Polepole. Nani anajaribu?"

Mmoja akajaribu, akakwama kwenye neno la kwanza. Wa pili akakwama. Wa tatu akasema kichwa kinamuuma. Ikafika zamu ya baba yangu.

Baba akavua kofia. Akaweka kidole kitabuni palepale alipozoea kukiweka. Akakohoa. Akasoma.

Akasoma ukurasa wote. Hakukwama hata mahali pamoja. Sauti nzuri, nyoofu, kama mtu anayesali sala ya kila siku. Mwanzo wenzake walimtazama kwa mshangao, wakidhani huyu ana kipaji. Halafu mmoja mmoja wakatazama kidole chake. Maana kitabu kilikuwa kimezungushwa, na pale baba alipozoea kuweka kidole hapakuwa tena na maneno. Palikuwa na picha. Kidole cha baba kilikuwa kinatembea juu ya tumbo la mbuzi.

Alipomaliza akainua macho. Akaona wanavyomtazama. Akashusha macho, akaona mbuzi.

Nyani haoni kundule. Aliyesema mbele ya kanisa kwamba wanawake wanakariri, ni yeye aliyekuwa akikariri. Akitoka kwenye karakana yake jioni za mwanzo alikuwa amechoka, herufi zilimkataa, akaona aibu kuuliza, akawa anashika sauti za wenzake. Na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo aibu ilivyokua, mpaka akaona heri benchi la mbele yake liondolewe, kuliko siku moja mtu wa benchi lile amjue. Hayo alikuja kunieleza mwenyewe, uzeeni. Jioni ile nilichoona ni mikono yake tu, yenye grisi kwenye kucha, inatafuta kofia.

Nilimtazama shangazi. Nilijua sasa atasema. Ulimi alikuwa nao, na haki alikuwa nayo. Mimi ningesema! Ningemsema mpaka Pasaka. Yule kuli aliyeanguka alianza kutoa kicheko puani, na shangazi akamtupia jicho moja tu, kikarudi kilikotoka.

"Kaka," alisema. Tangu Jumapili ile ya baraza alikuwa hajamwita hivyo.

Baba akaipata kofia.

"Kaka, kuna nafasi huku. Benchi ni refu."

Akasukuma wenzake kwa nyonga, wakasogea, aliyekuwa mwisho kabisa karibu na mlango akabaki nusu nje. Baba alisimama. Nilidhani anatoka. Alinipita pale mlangoni bila kunitazama, akazunguka meza, akakaa kwenye benchi la wanawake, bega kwa bega na dada yake, kofia magotini.

"Mlingoti," alisema chini chini, "mimi sijui hata moja."

Shangazi akakishika kidole cha baba, akakipitisha juu ya mbuzi, akakiweka kwenye neno la kwanza.

"Kikikaa hivi hata mimi sijui," alisema. "Tuanze wote."